Hati za Tanga zisiondoke bila orodha wala mkataba

Ndugu Mhariri,

Wanafunzi na watafiti wa vyuo vikuu wanapita Ngamiani, Chumbageni na hadi Pangani wakitafuta karatasi za wazee. Tunawaunga mkono, kwani karatasi iliyolazwa sandukuni katika mji wa pwani kama wetu haina maisha marefu. Tunachokipinga ni namna zinavyoondoka: zimechanganywa ndani ya mfuko wa rambo, hazina orodha, na mwenyewe hakuachiwa hata kijikaratasi cha kuonyesha alichotoa.

Chukueni mfano wa kipande cha manamba, ile kadi ya mfanyakazi wa shamba la mkonge iliyotiwa alama kila siku ya kazi mpaka zitimie siku 30. Kadi moja ni kumbukumbu ya familia. Bunda zima la shamba moja, likiwa katika mpangilio aliouacha karani, humwonyesha mtafiti ni miezi gani watu walijaa shambani, ni miezi gani walipungua, na nani alichukua muda mrefu kuzimaliza siku zake. Akitokea mtu akazipanga upya kwa alfabeti, au akachomoa zilizo safi tu, ushahidi huo umepotea na hakuna skana itakayourudisha. Ndiyo maana karatasi za nyumba moja hazichanganywi na za nyumba nyingine, na hazipangwi upya kabla mpangilio wake wa awali haujaandikwa.

Basi kazi ianzie nyumbani kwa mwenye hati. Kila kitu kipewe namba, iandikwe kwa penseli laini ya 2B pembeni nyuma ya karatasi. Kalamu ya wino haifai, maana wino hupenya na kutokea upande wa pili. Katika orodha andikeni namba, aina ya hati, idadi ya kurasa, tarehe iliyomo, lugha na herufi zake (hati nyingi za zamani hapa ni Kiswahili kwa herufi za Kiarabu), na ilikuwa ya nani kabla ya huyu aliye nayo. Hilo la mwisho ndilo linalosahaulika zaidi, na mzee akishafariki halipatikani tena.

Orodha hiyo iambatane na mkataba, nakala mbili zilizosainiwa. Mkataba useme wazi kama hati zinatolewa moja kwa moja, zinaazimwa, au zinapigwa picha tu na kurudishwa. Useme nani ana haki ya kuruhusu zichapishwe, na kama zipo barua za ndoa, mirathi au ugonjwa, zifungwe kwa miaka mingapi. Mahojiano yanayorekodiwa nayo yahitaji ridhaa ya maandishi. Bila hiyo chuo hakiwezi kumruhusu mtu mwingine ayasikilize, na kazi yote inabaki kabatini.

Tunawasihi pia wenye hati waache kuzipeleka kutiwa laminesheni. Joto la mashine huyeyusha plastiki ikashikana na karatasi, na asidi iliyomo hubaki humo humo ikiendelea kuila. Selotepu nayo hugeuka njano, gundi yake ikazama ndani na kuacha doa lisilotoka. Palipochanika, wekeni hati katika bahasha ya karatasi safi, mwachieni fundi. Pini zenye kutu zisivutwe kwa nguvu. Pitisheni kipande chembamba cha plastiki kati ya pini na karatasi, kisha ifungueni taratibu.

Masika ndiyo adui mkubwa. Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 65 kwa muda mrefu, ukungu huanza. Hati iliyolowa ina kama saa 48 kabla ya kuota ukungu: itandazeni kivulini penye upepo au feni, mkitia karatasi nyeupe zisizo na maandishi kati ya kurasa na kuzibadilisha zikilowa. Jua kali hukunja karatasi na kufifisha wino. Rafu ziwe za chuma, angalau sentimita 15 kutoka sakafuni na zisiguse ukuta, maana mchwa hupandia ukutani.

Kuhusu kuskani, watu hudhani picha ya simu ikishaingia kwenye flashi kazi imekwisha. Ukurasa mmoja wa A4, ukiskaniwa kwa rangi kwa dpi 400 (nukta 400 kwa kila inchi) na kuhifadhiwa kama TIFF isiyobanwa, yaani faili ya picha ambayo haijapunguzwa ukubwa, unachukua takribani MB 46. Kurasa elfu moja ni GB 46. Faili hizo zahitaji nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili tofauti, na nakala moja ikae jengo jingine. Skanini na majalada pamoja na kurasa tupu. Simu inafaa kwa orodha ya awali tu.

Tunajua vita vya Abushiri na Wajerumani kwa jicho la watu wa Mrima, yaani pwani yetu hii ya bara, kwa sababu utenzi wa Hemedi bin Abdallah al-Buhriy ulitunzwa na kunakiliwa. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina mkusanyo wa hati za Kiswahili na Kiarabu, na katalogi yake ilichapishwa mwaka 1970. Kwa katalogi hiyo msomaji anajua aombe nini kabla hajapanda basi.

Ombi letu kwa vyuo vyote vinavyokusanya hapa: orodha iandikwe kwa Kiswahili, na ndani ya mwaka mmoja tangu hati zichukuliwe, nakala ya orodha na ya faili zilizoskaniwa iletwe Maktaba ya Mkoa hapa Tanga. Tasnifu zinazoandikwa kuhusu mkoa huu nazo ziletwe nakala moja moja. Familia isiyoahidiwa hayo kwa maandishi, iwaruhusu wapige picha, lakini hati ibaki nyumbani.

Wahifadhi nyaraka,
Tanga