Risala ya Kikundi cha Wanafunzi wa Kemia ya Mwanga kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Idara,
Walimu wetu,
Wanafunzi wenzetu,
Mabibi na mabwana,

Kwa heshima kubwa tunakushukuru kwa kukubali kuja kuyaona maonyesho yetu. Birika ulilolikuta mezani lina maji yaliyotiwa rangi iitwayo methilini bluu na kichocheo, yaani unga mweupe wa titani dayoksaidi, na limewekewa taa ya urujuanimno, mwanga usioonekana kwa macho. Wengi wakipita hufurahia kuona ule ubluu unafifia. Sisi tunataka kujua ni nani anayeufuta.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tangu wanasayansi wa Japani, Fujishima na Honda, walipochapisha matokeo yao mwaka 1972, imejulikana kwamba mwanga unaweza kuifanya titani dayoksaidi ipasue maji. Mwanga wenye mawimbi mafupi kuliko nanomita 388 hivi huirusha elektroni kutoka mahali pake na kuacha tundu. Tundu likikutana na maji huzaa radikali ya haidroksili, yaani chembe kali yenye elektroni isiyo na mwenzake. Elektroni ikidakwa na oksijeni huzaa supaoksaidi, yaani oksijeni yenye elektroni ya ziada. Kwa hiyo wafanyakazi ni wanne: elektroni, tundu, haidroksili na supaoksaidi. Wote hawaonekani kwa macho, na kazi yao inafanana.

Njia yetu ni kumshika mmoja mmoja mkono asifanye kazi. Tukitia isopropanoli, ambayo ni aina ya alkoholi, inawahi kuidaka haidroksili kabla haijaifikia rangi. Kemikali iitwayo EDTA hushughulika na matundu. Nitrati ya fedha huzichukua elektroni. Kazi ikizorota baada ya kumzuia fulani, tunamshuku huyo. Vipimo tunasoma kwenye spektrofotomita, kifaa kinachopima mwanga uliomezwa, katika nanomita 664 ambako methilini bluu humeza mwanga zaidi, baada ya kuutenga unga kwa sentrifuji, mashine ya kuzungusha kwa kasi. Nusu saa ya kwanza tunakoroga gizani, maana rangi hung'ang'ania unga hata taa ikiwa imezimwa, na asiyengoja ataihesabia taa sifa isiyo yake.

Hapa tunaomba uturuhusu kukiri kosa. Katika majaribio yetu ya mwanzo tulitia benzokwinoni ili kuizuia supaoksaidi. Ubluu ukagoma kabisa kufifia. Tulishangilia, tukaandika kwenye bango kwamba supaoksaidi ndiye mkuu wa kazi. Ni mwenzetu mmoja, aliyekuwa akiosha vyombo, aliyeuliza mbona maji yale yamekuwa ya kahawia. Benzokwinoni yenyewe hunywa urujuanimno na kubadilika ikimulikwa. Tena hupokea elektroni moja kwa moja, bila kungoja supaoksaidi izaliwe. Tulikuwa tumeweka pazia mbele ya taa, kisha tukamlaumu mfanyakazi. Bango tulilichana.

Tangu siku hiyo kila kizuizi nacho tunakihoji. Nitrati ya fedha huacha chembe za fedha juu ya unga, na unga mweupe huwa mweusi. Hicho si tena kichocheo tulichoanza nacho. EDTA hung'ang'ania uso wa unga na kuinyima rangi nafasi. Kipimo nacho kina hila yake: isopropanoli huikamata haidroksili kwa kasi ya lita bilioni 1.9 kwa moli kwa sekunde, na tert-butanoli, alkoholi nyingine, kwa milioni 600 hivi. Anayezilinganisha kwa kiasi kilekile atadhani haidroksili imebadilika tabia, kumbe mkamataji wa pili ana kasi ndogo mara tatu. Ndiyo maana sasa pembeni ya kila birika lenye kizuizi liko jingine lenye kizuizi kilekile, taa ileile, bila unga.

Hata methilini bluu tunaanza kuitilia shaka. Kwa kuwa nayo humeza mwanga unaoonekana, inaweza kuutupia unga elektroni zake yenyewe. Tunafikiria kuhamia kwenye fenoli, isiyo na rangi, ingawa maonyesho yatapoteza mvuto.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ombi letu ni moja. Tunaomba utusaidie kupata saa chache kwenye spektromita ya EPR, mashine inayozitambua elektroni zisizo na mwenzake, pamoja na kemikali ya DMPO inayozinasa radikali zikaweza kusomeka. Haidroksili ikinaswa huchora vilele vinne kwa uwiano wa 1:2:2:1. Hatudai kwamba mashine hiyo haikosei, kwani supaoksaidi iliyonaswa na DMPO huweza kugeuka ikasomeka kama haidroksili. Lakini itatupa shahidi wa pili, asiyetegemea kufifia kwa rangi.

Birika la tatu kutoka kushoto halijawashwa. Tunakuomba, ukiwa tayari, uibonyeze taa yake.

Tunaomba kuwasilisha.