Mkeo Si Mvivu: Barua kwa Vijana Mliooa Karibuni

Wanangu,

Nilipostaafu ukunga niliapa kwamba sitamfundisha mtu tena, wenye nguvu waendeleze. Lakini miezi minne iliyopita nilikaa kwenye shughuli ya ukoo wetu nikaona jambo lililokataa kunitoka moyoni, na juzi nimesikia maneno yale yale kwa kijana mwingine kabisa. Nikasema basi, hawa lazima niwaandikie.

Siku ile ya shughuli, mjukuu wa dada yangu alisimama katikati ya watu akasema, "Huyu mke wangu kazaliwa na usingizi. Akifagia chumba kimoja anapumzika kama aliyelima shamba." Watu wakacheka. Mkewe alikuwa amekaa ngazi ya pili ya mlangoni. Ngazi zenyewe ni sita, pumzi yake ilikuwa imeishia hapo. Mtoto wao wa miezi kumi alikuwa amemlalia kifuani, kimya, hata ile tabia ya watoto ya kuvuta hereni hana. Na huyo binti naye alicheka pamoja na wenzake. Kicheko chake kiliniuma kuliko cha wote, maana alikuwa ameshaamini.

Nilimwomba mkono, nikakifungua kiganja chake nikakiweka kando ya changu, mimi bibi wa miaka sabini na mbili. Changu kina wekundu, chake utadhani kimesuguliwa kwa jivu. Nikamshusha kope ya chini kwa kidole gumba, ndani kweupe. Nikamwita mumewe aone. Akanijibu, "Bibi, ndivyo alivyo."

Ndivyo alivyo! Kesho yake alipimwa. Hemoglobini, ule wekundu wa damu, ilikuwa gramu 6.9 kwa desilita. Mwanamke asiye mjamzito anatakiwa afike walau 12, mjamzito 11. Akiwa hana mimba na akashuka chini ya 8, huo ni upungufu mkali wa damu. Mtoto naye alikuwa na 8.2, wakati umri wake ulidai walau 10.5. Nyumba nzima inaishiwa damu, mwenye nyumba anatania.

Sasa nisikilizeni vizuri. Hemoglobini ndiyo inayobeba oksijeni kutoka mapafuni kwenda kila pembe ya mwili, na haitengenezeki bila madini ya chuma. Chuma kikipungua, moyo unalazimika kukimbia ili ile damu hafifu iliyopo izunguke haraka. Ndiyo maana mtu amekaa tu na kifua kinadunda kama amekimbizwa. Huyo unayemwita mvivu, moyo wake unafanya kazi kuliko wako.

Na hicho chuma kimekwenda wapi? Mwili mzima wa mwanamke una takriban gramu 2 hadi 3. Mimba moja, ukijumlisha mtoto, kondo, damu ya mama inayoongezeka na ile inayomwagika siku ya kujifungua, inadai karibu gramu 1. Piga hesabu mwenyewe kwa mimba mbili ndani ya miaka mitatu, na hedhi katikati. Mmemkopa, hamjamlipa, halafu mnashangaa hana kitu.

Nilimwuliza habari za vidonge vya damu alivyopewa kliniki alipokuwa mjamzito. Akaenda chumbani, akarudi na mfuko aliokuwa ameuficha chini ya nguo. Pakiti tano hazijaguswa. Ya sita ilikuwa imetobolewa vidonge vinne. Siku nne alimeza, akatapika, kisha akaona choo cheusi kama lami akadhani anaoza ndani. Alimwambia nani? Hakuna. Aliyempa dawa alisema "kimoja kila siku" na kabla hajauliza lolote akasikia "anayefuata!" Hapa nawasema na wenzangu wa kazi, kwa sababu na mimi nimeita "anayefuata" mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Choo cheusi kwa anayemeza vidonge vya chuma ni kawaida. Maneno hayo tisa yangeokoa pakiti tano.

Kwa hiyo wewe mume ndiye nakukabidhi vidonge. Usivikabidhi kwa mama yako, wala kwa dada wa kazi. Vimezwe kwa maji, na vikisindikizwa na chungwa au juisi ya limau ni bora zaidi. Visimezwe kwa chai wala kahawa, kwa kuwa vinywaji hivyo vinakamata chuma tumboni kisiingie mwilini. Viache vikae mbali walau saa moja kabla na saa moja baada. Maziwa nayo hivyo hivyo. Kichefuchefu kikimsumbua, ameze baada ya chakula kidogo au wakati wa kulala, na kikizidi arudi kwa daktari abadilishiwe aina au mpangilio, kwani wapo wanaopangiwa siku moja ndiyo, moja hapana. Asiache kimya kimya. Na damu ikipanda msishangilie mkatupa pakiti: kwa kawaida dozi huendelea miezi mitatu zaidi ili ghala la mwili lijae. Halafu viwekeni juu, mahali pa kufungwa. Kwa mtoto mdogo vinafanana na peremende, na akivila vingi vinaweza kumuua. Hilo sisemi kwa kutisha watu.

Tuje mezani, maana huko ndiko ninakokasirika zaidi. Mnofu kwa baba, mchuzi kwa mama na mtoto. Nimeliona hili maisha yangu yote, na wanaogawa wakati mwingine ni wanawake wenyewe, mimi nikiwemo zamani. Viwango vinavyotumika Marekani vinasema mwanaume mzima anahitaji miligramu 8 za chuma kwa siku, mwanamke wa umri wa kuzaa 18, mjamzito 27. Yaani tunamjazia asiyepungukiwa. Chuma cha nyama, kuku na samaki kinaingia mwilini kirahisi. Cha maharagwe, dengu na mboga za majani kinaingia kwa shida, kinahitaji kusindikizwa na tunda lenye vitamini C. Kwa hiyo kama nyama ni kipande kimoja, kinajulikana kiende sahani gani. Na mniondolee habari za soda nyekundu na kila kinywaji chenye rangi ya damu. Rangi haigeuki damu, wanangu. Nimeona watu wakimaliza pesa zao kwa rangi.

Mengine nayataja kwa haraka. Hedhi inayomlazimu kubadilisha pedi kila saa moja au mbili, au yenye mabonge makubwa, si "ya ukoo wao", ipelekwe kwa daktari. Hamu ya kula udongo, chaki au barafu mara nyingi ni dalili ya kukosa chuma, msimcheke. Malaria na minyoo ya safura vitibiwe. Mimba zipishane. Siku ya kujifungua, muulize mkunga kama atasubiri dakika moja hadi tatu kabla ya kubana kitovu, kwa sababu damu inayoingia hapo ni akiba ya mtoto. Akiba hiyo hufika kama miezi sita tu. Baada ya hapo maziwa ya mama pekee hayatoshi, aanze chakula chenye chuma, si uji mweupe mtupu asubuhi hadi jioni. Maziwa ya ng'ombe yasiwe kinywaji chake kikuu kabla hajatimiza mwaka.

Ila msikimbilie dukani kununua matone ya chuma kwa ajili ya mtoto bila vipimo. Si kila upungufu wa damu ni wa chuma. Kuna selimundu na thalasemia, magonjwa ya damu ya kurithi, kuna maambukizi. Na kule kwenye malaria nyingi chuma kina adabu zake. Utafiti uliofanyika Pemba na kuchapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba watoto waliopewa chuma na asidi ya foliki kila siku walilazwa au kufa zaidi kuliko wenzao. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani linataka, sehemu hizo, chuma kiende sambamba na kinga na tiba ya malaria.

Na wakubwa wa dunia nao siwaachi. Mwaka 2012 Mkutano wa Afya Duniani uliweka lengo la kupunguza kwa nusu upungufu wa damu kwa wanawake wa umri wa kuzaa ifikapo 2025. Mwaka huo ulifika, na bado wanawake wapatao 3 kati ya 10 wana upungufu wa damu, zaidi ya nusu bilioni. Kwa watoto wa miezi 6 hadi miaka 5 ni kama 4 kati ya 10. Lengo limesogezwa hadi 2030. Ugonjwa unaopimwa kwa tone la damu la kidole, dawa yake miongoni mwa dawa za bei nafuu kabisa! Ungekuwa unawaangusha wanaume ngazini, nadhani tungeshausahau.

Yule binti alipewa kwanza chuma cha mshipani, kisha vidonge. Kipimo cha mwisho amefika 11.7. Mtoto anavuta hereni. Na wewe mjukuu wangu, najua unasoma hapa: nimesikia siku hizi unaweka kengele kwenye simu ya kumkumbusha dawa, na kwamba umeacha kumimina chai kabla hajameza. Vizuri. Lakini waliocheka siku ile bado wanaamini mkeo ni mvivu, na shughuli nyingine ni mwezi ujao. Kuna maneno utasimama uyaseme mbele yao. Nitakuwepo, nimekaa ngazi ya pili.

Bibi yenu