Miamba ya Busia nayo ilitoka volkanoni

Mhariri,

Makala zinazochapishwa kuhusu volkano za nchi yetu, Uganda, huishia Kisoro na Mlima Elgon, na kila zinapogusia kilichomo chini ya milima hiyo hutaja ziwa la moto. Naomba nafasi nieleze kwamba Busia, ambako hakuna hata kilima chenye umbo la volkano, ipo miamba ya volkano iliyo mikongwe kuliko hiyo yote, na kwamba miamba hiyo inaonyesha kwa nini picha ya ziwa la moto haitoshi.

Umri wa Elgon hukadiriwa kuwa miaka milioni 20 hivi. Miamba ya Busia, inayoendelea hadi magharibi mwa Kenya na kaskazini mwa Tanzania, ina zaidi ya miaka bilioni 2.5. Milima yake ilikwisha kumomonyoka zamani, na joto pamoja na mgandamizo vimeibadilisha miamba hiyo sura, lakini aina zake mbili, basalti yenye weusi na riolaiti yenye rangi hafifu, bado hutambulika. Kinachozitenganisha ni silika, yaani muungano wa silikoni na oksijeni, ambayo katika basalti ni takriban asilimia 50 na katika riolaiti hufika 70 au zaidi. Zaha za Elgon, yaani miamba iliyotiririka ikiwa imeyeyuka, zina silika haba, kwa hiyo mlima huo, pamoja na ukubwa wake wote, hautufundishi jinsi riolaiti inavyoweza kutokana na basalti.

Magma ya basalti, yaani mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi, hupanda ikiwa na joto la nyuzi 1,200 hivi, hukwama ndani ya ganda la dunia, kisha huanza kupoa. Fuwele zinazotangulia kujitenga, kama olivini na piroksini, huchukua chuma na magnesi kwa wingi, hivyo kimiminika kinachobaki huzidi kujaa silika, sodiamu na potasiamu. Norman Bowen, mtaalamu wa Kanada, alilionyesha jambo hilo maabarani mwanzoni mwa karne ya 20 kwa kuyeyusha madini na kuyapoza. Ugumu uko kwenye kiasi: ili riolaiti ipatikane kwa njia hiyo peke yake, pengine sehemu tisa kwa kumi za basalti zigande kwanza. Ndiyo maana wataalamu wengi hukubali kwamba, mara nyingi, joto la basalti huyeyusha pia miamba iliyo jirani nayo, na vimiminika hivyo viwili huchanganyika.

Kwa hiyo chemba ya magma, yaani mahali magma inapokusanyika chini ya volkano, kwa sehemu kubwa ya uhai wake, ni rundo la fuwele lililoloweshwa na kimiminika kidogo, wala si ziwa. Kimiminika hicho chenye silika hujipenyeza katikati ya fuwele na kukusanyika juu, kama malwa, pombe ya ulezi, inavyovutwa kwa mrija ikaacha machicha ya ulezi chunguni. Kwa kuwa kinanata, hakitiririki kwa urahisi, na hushikilia mvuke na gesi, kikifika karibu na uso wa dunia aghalabu hulipuka badala ya kutiririka. Mwaka 2009 wachimbaji wa visima vya jotoardhi huko Krafla, Iceland, walikifikia bila kutarajia kwenye kina cha kilomita 2 na ushei.

Riolaiti ina faida nyingine. Mara nyingi hubeba zirkoni, fuwele ndogo sana zinazofungia uraniamu ndani yake, na kwa kuwa uraniamu hugeuka kuwa metali ya risasi kwa kasi inayojulikana, umri wa mwamba unaweza kupimwa. Basalti ya kale kwa kawaida haina bahati hiyo.

Gazeti lako huandika mara kwa mara kuhusu dhahabu ya Busia, na haki yake ipo. Hata hivyo, dhahabu hiyo hufuatwa katika mishipa ya kwatzi, madini magumu ya silika, iliyojipenyeza baadaye ndani ya miamba hii, ambayo huvunjwa na kutupwa kama kifusi. Mwandishi wako atakapokwenda tena, namwomba apige picha ya kifusi hicho pia na kuwaeleza wasomaji kilikotoka.

Mwalimu wa jiografia,
Tororo