Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Jumuiya ya Maji ya Mtaa, Mwaka 2024

Ndugu wanachama, wazee wangu, mama zangu na vijana wachache mliofika, asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na ambao hamumo kote huko habari zenu.

Mambo ya kawaida nayapitia haraka maana mnayajua. Kisima kimefanya kazi mwaka mzima isipokuwa siku 9 pampu ilipoungua na siku zile umeme ulikatika, koki za kioski cha chini zimebadilishwa, mfereji wa maji yanayomwagika umechimbwa, mjumbe tumemsalimia alipougua, msiba wa mzee wetu tumeshiriki. Basi.

Hesabu: tulianza na baki ya sh 2,950,000, mauzo ya maji 14,230,000, ada 3,660,000, jumla 20,840,000. Yaliyotoka ni umeme wa LUKU 5,120,000, wauza maji wawili 3,600,000, pampu 740,000, mtambo wa kusafishia maji 9,870,000, mengineyo 610,000. Zimebaki 900,000. Mengineyo ni nauli, vocha, karatasi na soda za mikutano, kabla hamjauliza.

Sasa tuje kwenye huo mtambo, maana najua ndio umewaleta hao waliokuja, na kwenye grupu nimesemwa vya kutosha, kwamba tumeutolea hela bila akidi, yaani wanachama hawajatimia kuamua.

Mnakumbuka mvua za mwaka huu, masika yalivyotufanya kule bondeni na mwanzoni mwa Mei kikaja Kimbunga Hidaya. Mnajua mvua kubwa ikinyesha huku kwetu kuna watu wanatapisha vyoo usiku, siwataji, wapo humu humu. Mi baada ya hapo sikulala, nikachukua chupa ya maji ya kisima nikaipeleka maabara kwa nauli yangu mwenyewe, na hiyo hela sijaidai mpaka leo. Majibu yakarudi yana vijidudu vya kinyesi. Maji ya kunywa hayatakiwi kuwa na hata kimoja kwenye mililita 100, yetu yalikuwa navyo. Waliokuwepo Dar mwaka 2015 wanajua kipindupindu kilivyoanza kama mchezo. Nikaitisha mkutano, akidi yetu ni watu 107, wakaja 38. Nikaitisha wa pili, wakaja 29, hapo nakubali kosa langu niliupanga siku ya Simba na Yanga. Wa tatu wakaja 41 na nusu yao waliondoka soda zilipoisha. Sasa nyie niambieni, mwenyekiti afanye nini, asubiri mtoto aharishe ndo akidi itimie? Nikakaa na mhazini na katibu tukasaini. Ndio, bila akidi. Sikatai.

Wengine wanasema si mngetia klorini tu kwenye tangi yaishe, laki tatu zingetosha. Jamani mmesahau haraka hivyo? Mwaka juzi tulitia klorini moja kwa moja na maji yakawa mekundu kama chai ya rangi, mashati ya shule ya watoto yakaharibika, mama mmoja akaja na shati mpaka mlangoni kwangu. Maji yetu yana chuma. Yakitoka chini yanaonekana meupe, yakikutana na hewa au klorini kile chuma kinageuka kutu, na dawa inaishia kupambana na kutu badala ya vijidudu. Ndio maana fundi ameweka zile bomba zenye matundu juu, maji yanaanguka kama mvua yapate hewa, kutu itengane, ndo yashuke kwenye mchanga na kokoto, yakitoka hapo masafi ndo yanakutana na dawa. Mpangilio uko hivyo, haukuwa mapambo.

Alafu kuna swali la tangi la pili, kwamba mwenyekiti kanunua simtanki la ziada la nini, wengine wakasema litaishia kwangu. Liko pale pale, nendeni mkalipige picha. Klorini haiui papo kwa papo, inataka angalau nusu saa ikae na maji kabla mtu hajakinga, kwa hiyo tangi moja linatumika na lingine linasubiri. Tungekuwa na moja mngekuwa mnakunywa dawa mbichi na vijidudu vyake.

Kuhusu harufu. Wiki ya kwanza dawa ilizidi, hilo kweli, watu wakasema maji ya swiminguli na chai haina ladha. Tulirekebisha. Sasa hivi muuza maji anapima asubuhi na jioni kwa kile kidonge cha kupimia klorini, maji yakigeuka pinki ya mbali dawa ipo, na tunalenga isizidi miligramu 0.5 kwa lita na isishuke chini ya 0.2 ikifika kwako. Hiyo harufu kidogo ndo inayolinda dumu lako likikaa siku mbili ndani. Ukichemsha ya chai inaondoka.

Na wale wa mashine ya kutoa chumvi, nawaheshimu, najua mnataka tuuze maji ya chupa tutajirike. Ile mashine inamwaga sehemu kubwa ya maji unayoipa, inakula LUKU, na chuma chetu kingeziba vichujio vyake mapema, kwa hiyo mchanga tungeuhitaji tu hata hivyo. Tumeanza na kinachotangulia.

Fundi ni shemeji yangu. Nalisema mwenyewe lisisemwe nyuma. Tulichukua bei tatu, yake ndo ilikuwa ya chini, karatasi zote tatu anazo katibu. Ningemnyima kazi kwa sababu kamuoa dada yangu?

Dumu tulilipandisha toka 50 mpaka 100 kuanzia Agosti, na nimeona wanachama, tena wa siku nyingi, wanapita na mkokoteni kwenda kisima cha jirani ambacho hakipimwi na mtu. Sawa, hela ni yako. Ila mwaka 2022 mto Ruvu, unaoleta maji ya bomba Dar, ulipopungua na mji mzima ukaingia kwenye mgao, watu wa bomba ndo walikuja kupanga madumu hapa kwetu, mnakumbuka.

Ada nayo. Tuko 214. Waliolipa mwaka mzima ni 61. Waliobaki 153 hawajatoa hata mia, na kila mmoja ni 60,000, pigeni hesabu, inakuja 9,180,000, karibu mtambo wote ule. Yaani hela ya mtambo ilikuwa mifukoni mwenu na bado mnaniuliza hela imetoka wapi. Wanaoongea sana kwenye grupu nimewaangalia mmoja mmoja kwenye daftari, sitaki kusema zaidi.

Mwaka ujao Mungu akijalia tunafikiria sola ili LUKU ipungue, mita kwenye vioski, na kama atapatikana mfadhili tuvute bomba mpaka shuleni. Ule mchanga pia lazima uoshwe, unasukumiwa maji toka chini kwenda juu mpaka kutu itoke, tutaangalia utaratibu, kwa sasa naosha mimi na muuza maji Jumapili asubuhi, wanaotaka kusaidia wanakaribishwa, mpaka leo hajaja mtu.

Risiti zote ziko kwa mhazini kwenye boksi la viatu. Anayetaka kukagua aende siku yoyote baada ya saa kumi, ila aende na kitabu chake cha ada mkononi.

Mwenyekiti