Maharagi ya usiku ule

Goma, Jumatano usiku

Yaya, mkubwa wangu mpendwa,

Odio yako nimeisikiliza mara tatu. Ya kwanza nilikuwa sokoni Virunga, nikadhani ni mtandao unaokatakata sauti. Ya pili ndipo nikaelewa kwamba ulikuwa unalia. La haraka nilikwisha kukuambia jana kwa simu, na umelifanya, Mungu akubariki: mdogo wako halali peke yake, mnapeana zamu. Haya mengine yanataka karatasi. Nimemwomba mtoto wa jirani anayepanda boti kesho akuletee mkononi.

Umeniuliza umwambie nini. Na umesema unaogopa kulitaja neno lenyewe, kujiua, usije ukamtia wazo ambalo hakuwa nalo. Kabla sijakujibu, kuna jambo nimekuficha miaka yote hii.

Unakumbuka nilivyonyamaza mwaka 2021, baada ya volkeno? Ulidhani sina unite za simu. Unite zilikuwapo. Nyumba ya Buhene ilifunikwa na lava usiku wa tarehe 22 Mei, baba watoto alikuwa hajapiga simu tangu aende machimboni, na deni la likelemba, mchango wetu wa kupokezana, lilinisubiri kila Jumamosi. Nakutajia yote matatu kwa sababu watu hupenda kutafuta sababu moja: ameachwa, amefukuzwa kazi, amerogwa. Haikuwa moja. Na kilichonimaliza hakikuwa hata katika hayo. Niliamini kwamba nikiondoka watoto watapumua. Niliamini kabisa, kama mtu anavyoamini mvua inanyesha huku akiisikia juu ya mabati. Ukimsikia mdogo wako akisema "mimi nawalemea tu", usidhani ananung'unika. Shika hapo hapo, keti naye.

Jioni moja nilimrudishia sufuria yake yule mama anayeuza makala ya kupikia kwenye kona yetu, na juu ya sufuria nikaweka kikwembe changu kizuri, kile cha harusi ya dada yako. Nikamwambia akichukue, mimi sina kazi nacho tena. Alikitazama kikwembe, kisha akanitazama mimi. Vidole vyake vilikuwa vyeusi mpaka ndani ya kucha. Alivipangusa kwenye nguo yake taratibu, kimoja kimoja, kabla ya kukigusa. Halafu akauliza, kwa sauti ile ile anayotajia bei: "Mama, unataka kujiua?"

Yaya, majuma mawili nilikuwa nabeba kitu ambacho hakuna mdomo uliokuwa umekiita jina. Yeye akakiita. Nikasema ndiyo. Miguu ikaniisha nguvu, nikakaa chini pale pale juu ya mawe. Hakupiga kelele. Hakusema ni dhambi, hakusema waangalie watoto wako, hakusema wengine wamepoteza zaidi yako. Alisema: "Twende tukapike maharagi."

Tulienda kwangu. Akaniuliza kiko wapi nilichokuwa nimekitayarisha, nikamwonyesha, akakifunga ndani ya kikwembe kile kile na kumpa mwanawe mkubwa akipeleke mbali. Mpaka leo sijui kilifikia wapi, wala sijauliza. Kisha akawasha mbabula, jiko la makala. Wewe unayajua maharagi makavu, na makala yalikuwa yamelowa. Kazi aliyonipa ilikuwa kuongeza maji. Sufuria ikikauka, naongeza. Saa tatu, saa tano, saa saba za usiku. Mara nyingine aliniuliza swali dogo, mimba yangu ya kwanza ilinisumbuaje, au mama yangu alikuwa akiweka nini kwenye sombe. Nikilia aliniacha nilie. Karibu na azana ya alfajiri kutoka Birere yakaiva, tukayala kwa chumvi tu. Sikuwa nimepona. Lakini kile kilichonikaba jioni kilikuwa kimelegea, na nilisikia usingizi, mimi niliyekuwa sijalala siku nne.

Baadaye niliambiwa na watu wa afya kwamba hivyo ndivyo inavyokuwa kwa wengi. Uchungu unaweza kukaa miezi, lakini ule ukali wa kutaka kufa sasa hivi huja kama wimbi la ziwa. Kwa mmoja ni dakika, kwa mwingine ni saa kadhaa, halafu hurudi nyuma. Linaweza kuja tena, ndiyo. Mwenye kuvushwa leo amepata kesho ya kutafutiwa dawa. Ndiyo sababu nilikusumbua jana juu ya nyumba: dawa ya panya, vidonge vya mama vya presha, chochote ambacho unajua moyoni kwamba hakifai kukaa karibu naye, kipelekeni kwa shangazi. Usiseme akitaka atapata kingine. Sri Lanka walipiga marufuku dawa za shambani zenye sumu kali kuliko zote, na katika miaka kama 20 vifo vya kujiua vikashuka kwa karibu asilimia 70. Watu wale matatizo yao yalibaki. Ila wimbi liliwakuta mikono mitupu, likapita.

Kwa hiyo muulize. Wazi, kwa neno lenyewe, mkiwa wawili, redio imezimwa. OMS, shirika la afya duniani, wenyewe wanafundisha kwamba kumuuliza mtu hakumpandikizii wazo. Mara nyingi humpa nafuu. Akisema ndiyo, muulize kama amekwisha kupanga namna na siku. Akiwa amepanga, hakuna kungoja kesho. Kisha nyamaza, msikilize. Na akikuomba uape kwamba hutamwambia mtu, usiape. Mwambie: nitakutunzia siri zako zote, isipokuwa hii.

Umenitajia pia yale maneno aliyoweka kwenye status saa saba za usiku. Usiyapige picha kuyatuma kwenye kikundi cha familia, hata kwa kuomba maombi. Mtu aliyeona aibu yake ikizungushwa simu kwa simu hataandika tena, na mtapoteza dirisha pekee mlilokuwa nalo. Muulize kwa upole anaongea na nani usiku huo. Kuna mahali kwenye intaneti ambako aliyechoka hukutana na wageni wanaomwambia anayo haki ya kuchoka na kumsukuma zaidi. Usimnyang'anye simu kwa hasira. Kaa kando yake, umpe wa kuongea naye aliye hai mbele ya macho yake.

Juu ya mchungaji: aombe, nami naomba. Lakini asimfungie kwenye chumba cha maombi, asimnyime chakula siku tatu kwa jina la kufukuza roho. Mdogo wako halali, hali, na tangu vita vilipoingia Bukavu Februari 2025 hajashika mshahara. Kufunga kutamwongezea udhaifu tu. Mpelekeni SOSAME. Hapa kwetu kuna Tulizo Letu. Hizo ni nyumba za kutibu kichwa na moyo, siyo za kumtia mtu alama, na usikubali majirani wakwambie vingine. Wewe mwenyewe ingia naye, umshike mkono, maana ukimwambia aende peke yake ataishia njiani, Nyawera, na kugeuka.

Nakwambia ushikilie hata wakikuyumbisha mlangoni. Mimi kwanza nilipelekwa kituo kimoja cha afya, na muuguzi akacheka, akasema kujiua ni ugonjwa wa wazungu. Nilirudi nyumbani nimeinama kuliko nilivyoenda. Sasa najua kwamba hakuwa na habari. Kila mwaka watu zaidi ya 720,000 wanakufa hivyo duniani, na karibu robo tatu yao ni katika nchi za kipato kidogo na cha kati, kama yetu. Kwa vijana wa miaka 15 mpaka 29 ni sababu ya tatu ya vifo. Mdogo wako ana 24. Hakuvunja mila ya mtu, anaumwa.

Siku atakapokuwa ametulia kidogo, kaeni na daftari. Aandike kwa mkono wake mwenyewe: wimbi likianza analijuaje, nini humtuliza akiwa peke yake, aende kwa nani, ampigie nani kwanza na nani pili, nani atamshika mkono kwenda hospitali. Mistari michache, karatasi ikae mfukoni. Yangu ilikuwa na mstari wa kwanza unaosema "nikianza kugawa vitu vyangu".

Na wewe ulale, yaya. Mwachie kaka yako zamu ya kesho.

Nimebakiza moja. Daktari mmoja wa San Francisco, Jerome Motto, aliwafuata watu 843 waliotoka hospitali na kukataa kuendelea na matibabu. Karibu nusu yao aliwatumia barua kwa miaka mitano. Barua fupi tu, za kuwaambia tunawakumbuka, bila kuwadai chochote. Katika miaka miwili ya kwanza, waliopata barua walijiua wachache kuliko wale wasiopata. Nilipolisikia hilo nilimkumbuka mama wa makala. Yeye hajui kuandika. Lakini tangu usiku ule, kila Jumapili saa kumi na mbili jioni ananibipi. Mlio mmoja, anakata. Nikijibu, tunaongea. Nisipojibu, hakasiriki, Jumapili inayofuata namba yake iko pale.

Nitumie namba ya mdogo wako, lakini mwombe ruhusa kwanza. Mwambie Jumapili saa kumi na mbili ataona simu ya Goma. Si lazima apokee. Aione tu.

Nakukumbatia,
Ni mimi, mdogo wako wa ng'ambo ya ziwa