Wauza smudhi wa Kisumu, ulizeni kwanza

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niongee na wauza smudhi wa hapa kwetu, wale wa Kibuye, Kondele na pale karibu na soko la Jubilee. Mimi naishi na ugonjwa wa sukari na smudhi napenda, siachi. Shida yangu si matunda, ni kile kijiko. Unaagiza papai na ovakado, unageuka kusalimia mtu, ukirudisha macho vijiko vitatu vimeshaingia kwa blenda na hakuna aliyekuuliza! Kijiko cha chai ni karibu gramu 4 za sukari, na Shirika la Afya Duniani tangu 2015 linasema sukari ya kuongezwa ikiwezekana isizidi kama gramu 25 kwa siku, yaani vijiko sita hivi, sasa wewe nusu yake unanimalizia saa nne asubuhi. Na usiniambie umeweka asali ama sukari nguru, hizo pia zinahesabiwa hapo hapo.

Halafu mbona mnachuja? Nyuzinyuzi za tunda ndizo hufanya sukari iingie kwa damu polepole, ukizitupa nabaki na maji matamu.

Nyumbani mimi husaga kipande cha papai, robo ya ovakado, maziwa lala yasiyo na sukari na kijiko cha njugu karanga, inatoka nzito hadi naichota na kijiko, na hiyo ni raha yake kwa sababu siimalizi kwa pumzi moja. Ovakado gramu 100 haifikishi hata gramu 1 ya sukari, embe la uzito huo huo lina kama 14, kwa hivyo embe naweka kidogo la kutoa ladha. Ndizi sio adui vile watu husema, ila ile imejaa madoa meusi wanga wake mwingi umeshakuwa sukari, mimi huchukua ngumu ngumu, tena nusu. Kisha napima sukari ya damu kabla ya kunywa na saa mbili baadaye, maana miili haifanani, na wengi wetu tunaambiwa isipite 10 (mmol/L, kipimo cha mashine zetu). (Wanaotumia insulini wanajua siku sukari imeshuka chini ya 4 hapo juisi tamu ndio inatakikana, hiyo ni hesabu nyingine na daktari wako.)

Kwa majirani wanaotuambia ati mgonjwa wa sukari asiguse tunda, jamani tuacheni, mtu anakunywa chai ya vijiko vinne akinionea huruma kwa pera!

Kwa hivyo ndugu zangu wa blenda, ulizeni tu, "niweke sukari?" Wanaotaka wawekewe. Na muwe na glasi ndogo pia, si lazima kila mtu auziwe nusu lita.

Msomaji wenu,
Nyalenda, Kisumu