Kwa mtoto wa kaka yangu anayetaka kwenda kuchora Marekani

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti, wa kuniuliza kati ya vyuo vitatu vya sanaa huria vya huku Marekani kipi kinakufaa, nimeusikiliza mara mbili. Dakika kumi na moja! Bennington umeisifu, Sarah Lawrence umeisifu, halafu Oberlin ukaitaja mwishoni kama mtu aliyekumbuka chumvi akiwa ameshatoka dukani. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu wenzako kadhaa waliomaliza sekondari wananiuliza hayohayo, nami sina sauti ya kurudia.

Kwanza tumalizane na baba yako, maana ameniambia kwa hasira kwamba sisi wawili tunakupeleka ukawe ombaomba. Jina ndilo lililomtisha. Mweleze kwamba chuo cha sanaa huria si chuo cha sanaa. Ni chuo kidogo cha shahada ya kwanza, unaonja historia, hesabu, falsafa na baiolojia, na kwa kawaida hulazimiki kutaja somo lako kuu mpaka mwaka wa pili unapokwisha. Ule uhasibu anaoulilia hataupata kama somo kuu kwenye vyuo hivyo vitatu, lakini uchumi upo. Akisema hajawahi kuvisikia, muulize kama aliwahi kusikia Mount St. Scholastica, mji wa Atchison, Kansas. Wangari Maathai alihitimu hapo mwaka 1964.

Sasa wewe. Neno ulilolirudia katika dakika zile zote ni uhuru, na kweli Bennington wanao. Wako Vermont, wanafunzi hawafiki elfu moja, na kila mmoja anaandika mpango wake wa masomo akisaidiwa na walimu ambao wenyewe ni wasanii. Kila mwaka, Januari na Februari, wanakutoa chuoni ukafanye kazi mahali kwa wiki kadhaa. Jambo zuri sana, lakini wiki hizo utalala wapi? Wenzako wana jamaa New York. Wewe una shangazi mmoja, yuko Columbus, na kochi lake limebonyea katikati.

Sarah Lawrence kila mwanafunzi ana mwalimu mlezi, na katika semina nyingi unakaa na mwalimu peke yenu mkijadili kazi uliyojichagulia. Treni ya kwenda Manhattan, katikati ya jiji la New York, ni kama nusu saa, na majumba ya makumbusho ya huko unayajua kuliko mimi.

Mimi moyo wangu uko Oberlin, nami nitakwambia kwa nini.

Kuchora umejifunzia kwenye simu. Sikucheki, ndicho kilichokuwepo. Lakini kila rangi ya mchoraji mkubwa uliyowahi kuiona imepita kwenye kioo chenye ufa pembeni. Oberlin wana jumba lao la makumbusho, Allen, na tangu mwaka 1940, mwalimu aliyeitwa Ellen Johnson alipoanzisha mpango huo, wanafunzi hukodi kazi halisi kwa dola 5 kwa muhula. Halisi, mwanangu, mkono wa Picasso, mkono wa Chagall, unaubeba hadi bwenini na kuutundika ukutani.

Niliwahi kwenda huko mwanzoni mwa muhula kumpelekea mtoto wa rafiki yangu mto na sufuria. Nikakuta vijana wamejifunika mablanketi nje ya jumba lile, nikadhani ni mgomo. Kumbe wanalala kwenye foleni ili asubuhi wawahi kuchagua. Yule mtoto alipata mchoro mdogo tu wa wino, akautundika juu ya kitanda. Baadaye alinipigia simu akaniambia kwamba ilimchukua miezi mitatu kugundua kuwa mchoraji alikuwa amekosea kuchora mkono, akaurudia juu ya kosa lake bila kulificha. Miezi mitatu ya kuangalia mkono mmoja! Hicho ndicho ninachokutakia. Mtu akupe uhuru wa kupanga masomo yako mwenyewe baada ya hapo, ukishajua unachokitafuta.

Mapesa. Vyuo vyote vitatu, karo na malazi na chakula pamoja, vinapita dola 80,000 kwa mwaka. Kwa hiyo wakikuandikia kwamba wamekupa udhamini wa dola 40,000, usipige vigelegele kabla ya kuzitoa kwenye hizo 80,000, kisha kinachobaki zidisha mara miaka minne. Dola 160,000 baba yako hana, hata akiuza kile kiwanja. Na utaona kuna maombi ya mapema ya mwezi wa Novemba, yale ambayo ukikubaliwa unatarajiwa kwenda na kufuta maombi yako kwingine kote. Usiyaguse. Wewe unahitaji ofa mbili tatu mezani ulinganishe.

Waandikie pia barua pepe uulize maswali ambayo vipeperushi havijibu: studio inafungwa saa ngapi usiku? Rangi na kanvasi nanunua mwenyewe? Chuo kimesimamaje kifedha? Hilo la mwisho si ukorofi. Marlboro, jirani wa Bennington hukohuko Vermont, kilifunga mwaka 2020. Na mwaka 2024 University of the Arts ya Philadelphia ilitangaza tarehe 31 Mei kwamba inafunga tarehe 7 Juni. Wiki moja.

Jingine la kumwambia baba yako mapema, asije akasema tulimficha: ukihitimu, viza ya mwanafunzi inakuruhusu kufanya kazi ya fani yako miezi 12. Wa sayansi na uhandisi huongezewa 24. Mchoraji haongezewi.

Kuhusu kazi za kutuma, zile picha za wanasoka ulizonakili kutoka mtandaoni ziache, hata kama umezipatia nywele. Mkono wako ni mwepesi, hilo wataliona kwingine. Wanataka kujua jicho lako linatua wapi. Nenda Likoni, kaa karibu na feri jioni watu wanapobanana, uchore migongo, ndoo, wale wanaolala wamesimama. Piga picha za michoro yako asubuhi, kivulini, bila flashi. Na ya kwanza kabisa kwenye mkusanyiko iwe ile ya nyanya yako amelala mkekani, mdomo wazi. Nitamwomba radhi mimi.

Shangazi yako,
Columbus, Ohio